Wiki ya Tisa

Tai ndiyo aliyoiona Wakili kwanza. Tai ya zambarau yenye vidoa vyeupe, aliyoinunua yeye mwenyewe, akamfunga nayo mbele ya kioo cha muuzaji huku wote wawili wakicheka kama wehu. Leo mwenye tai alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha usaili, miguu pamoja, anapitia karatasi zake kama mtu asiye na habari na dunia.

Moyo wa Wakili ulipiga paa. Kwanza ulifurahi, moyo mjinga, kwa kuwa ulikuwa haujamwona kwa siku ishirini na tatu. Kisha akili ikafika, ikauliza huyu bwana anatafuta nini kwenye benchi hili, asubuhi hii, na faili mapajani. Furaha yote ikayeyuka, hasira ikakaa mahali pake.

Chuoni kila mtu alimwita Wakili, kwa sababu kabla ya kuja kufundisha kwa vipindi alikuwa amesimama mahakamani miaka sita. Yule wa kwenye benchi aliitwa Mchambuzi. Mara moja tu katika maisha yake alialikwa redioni kuchambua uchaguzi, na wanafunzi wake wa siasa hawakumwacha asahau.

"Unafanya nini hapa?" Wakili aliuliza, bila salamu.

Mchambuzi aliinua macho. Yakamwangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha yakarudi kwenye karatasi.

"Nimekaa."

"Naona umekaa. Nauliza umekaa kwa ajili gani."

"Nimeitwa saa tatu na nusu. Nafasi ya mhadhiri wa sheria ya Ulaya na sheria ya kimataifa, pamoja na siasa. Na wewe?"

"Saa tatu na nusu," alijibu Wakili, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni.

Benchi lilikuwa moja na fupi. Kusimama kungekuwa kushindwa, na Wakili hakuwa mtu wa kushindwa mapema hivyo. Akakaa, akaweka mkoba wake katikati yao kama kituo cha mpakani. Harufu ya sabuni ya Mchambuzi aliijua. Akageuza uso upande wa ubao wa matangazo, akajifanya anasoma ratiba ya mitihani ya mwaka jana.

"Uliniambia huombi," Mchambuzi alisema taratibu. "Ulinikazia macho hivi hivi, ukasema, Mchambuzi, mimi chuo kimenichosha, narudi mahakamani. Nikakusikitikia! Nikakununulia mpaka chai."

"Na wewe uliniambia kamwe hutaomba bila kunijulisha."

"Nilikuwa nimeachwa. Mtu aliyeachwa anamjulisha nani?"

"Nani amekuacha? Nilisema tusubiri."

"Ulisema?" Sasa alimgeukia mzima mzima. "Wewe hukusema kitu! Mama yangu alikuja kwenu na mjomba wangu kuleta posa, na mimi nyuma yao, wamevaa wakavalika, viatu vipya vinambana mama wa watu, akavumilia. Shangazi yako akawapa viti, akawapa soda, akawaambia binti yake hayuko tayari. Wewe ulikuwa wapi?"

Wakili alirudi kwenye ratiba ya mitihani.

"Chumba cha pili. Nilisikia ukikohoa. Ungetoka ukanikataa mbele ya watu, ningekuheshimu. Mama alirudi na viatu mkononi, ananiuliza, mwanangu, tumekosea nini? Nimwambie nini mimi?"

Lilimchoma hilo, likamchoma kweli, kwa sababu lilikuwa la haki. Siku ile alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa, anasikia kila neno. Alijua kukigeuza ni kazi ya sekunde moja. Hakukigeuza. Lakini kukubali kosa ni kazi ngumu kwa mtu aliyelipwa miaka sita kukanusha, kwa hiyo akafanya alilolizoea, akashambulia.

"Umewasilisha mpango gani wa kozi?"

Mchambuzi alizikunja karatasi zake, na hapo hapo wote wawili wakaliona shimo lililokuwa mbele yao.

Kila mwombaji alitakiwa kupeleka mpango kamili wa kozi, wiki kumi na tano, kuonyesha jinsi sheria na siasa zitakavyofundishwa kwa pamoja. Na wao mpango walikuwa nao. Waliuandika kwa miaka miwili kwenye meza ya kona ya maktaba, Wakili sheria, Mchambuzi siasa, wakigombana kila wiki na kupatana kila wiki. Wakati huo nafasi yenyewe haikuwepo hata kwenye ndoto. Ilikuwa mchezo wao, kama wapenzi wengine wanavyochora nyumba watakayojenga. Wiki moja tu ndiyo iliwashinda, ya tisa. Swali lake lilikuwa hili: mahakama ya Ulaya ikiihukumu nchi, nchi inatii kwa nini? Wakili alisema inatii kwa sababu iliweka saini, na sheria ni sheria. Mchambuzi alisema inatii kwa kuwaogopa majirani, na siku hofu ikiisha, utii nao utafunga virago. Walibishana mpaka mtunza maktaba akawatoa nje. Wiki ya tisa ikabaki tupu.

"Nimepeleka wetu," alisema Mchambuzi.

"Wangu."

"Wetu! Wiki saba za siasa umezitoa wapi, kwenye mkoba?"

"Wazo la kuunganisha lilikuwa langu. Muundo ni wangu. Wakiniuliza, nitasema ni wangu."

"Sema. Si unasema yale Shangazi anayokuandikia?"

Mlango wa ofisi ya pili ukafunguka, katibu akatoa kichwa, na kalamu imechomekwa kwenye nywele. "Jamani, nyinyi ni wasomi au wapiga debe? Humo ndani wanawasikia. Na wamesema muingie."

"Nani aanze?" Wakili aliuliza.

"Wote wawili," alisema katibu, na kwa namna alivyolisema, ilionekana hata yeye limemshangaza.

Wajumbe wa jopo walikuwa wanne nyuma ya meza ndefu, na chupa za maji ambazo hazijaguswa. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, profesa ambaye wanafunzi walisema hajacheka tangu apewe ofisi yenye zulia. Mbele yake aliweka nakala mbili sambamba, akazilinganisha kingo kwa vidole.

"Nimesahihisha karatasi za wanafunzi miaka thelathini," alianza. "Kunakili nakunusa kabla sijavaa miwani. Hapa nina mipango miwili, waombaji wawili. Wiki kumi na nne ni pacha, neno kwa neno, mpaka maswali ya mtihani. Mmoja wenu ameiba, na mwizi hatutamwajiri. Huu ni mpango wa nani?"

Ndani ya kichwa chake Wakili alisikia sauti ya Shangazi, aliyemlea tangu darasa la pili, mwalimu mstaafu ambaye aliandika kitabu kizima cha jiografia usiku na mchana pamoja na mumewe, kitabu kikachapwa, na jalada likabeba jina moja. La mume. Kitabu hicho kilikaa rafuni kwao mgongo ukiwa umegeuziwa ukutani. Jina lako, mwanangu, Shangazi alikuwa akisema. Akisimama mwanamume pembeni yako kabla hujapata kazi yako, kila utakachoandika kitaitwa chake. Lifute la kwake kabla hajalifuta la kwako.

Na Wakili alilifuta.

"Ni wangu," alisema. Sauti haikutetemeka. Ilikuwa sauti nzuri, ya mahakamani.

Mwenyekiti alimgeukia Mchambuzi. "Na wewe, bwana?"

Wakili alisubiri kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, alikuwa na majibu matatu ya kelele. Mchambuzi aliitazama tai yake, akainyoosha.

"Naomba utazame ukurasa wa mwisho wa nakala yangu," alisema. "Chini kabisa."

Mwenyekiti alivaa miwani, akafunua, akasoma kwa sauti kavu ya mtu anayesoma tangazo la kukatika umeme. "Wiki saba za sheria katika mpango huu, pamoja na wazo la kuunganisha masomo haya mawili, ni kazi ya..." Likafuata jina la Wakili, lote, majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho chake. "Mimi nimeandika wiki saba za siasa. Sikupata nafasi ya kumwomba ruhusa. Tarehe ishirini na nane."

Tarehe ishirini na nane. Wakili alihesabu, ingawa hakutaka. Siku nne baada ya viatu vya mama wa watu. Siku nne baada ya kikohozi, mtu huyu alikaa chini na hasira zake zote akaandika jina la Wakili vizuri, bila kukosea hata herufi.

"Nakala yako, bibie, haina maelezo kama haya," Mwenyekiti alisema. "Nimetafuta." Akafunua tena. "Na kuna wiki ya tisa, ndiyo pekee inayotofautiana. Yako inasema nchi hutii hukumu kwa kuogopa majirani, na hofu ikiisha, utii nao unafunga virago. Hoja kali. Ya kisiasa zaidi kuliko nilivyotarajia kwa mwanasheria."

Mchambuzi aligeuka taratibu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile macho yake hayakuwa na kejeli, yalikuwa yameumia waziwazi.

"Umeniibia mpaka ubishi wangu," alisema chini chini. "Miaka miwili unaniambia sina akili, kumbe ulikuwa unanukuu."

Wakili angewezaje kumwambia kwamba usiku wa kuijaza ile wiki aliandika hoja yake mwenyewe, akaisoma, akaiona nyonge bila ya kupingwa? Kwamba aliandika ya Mchambuzi kwa sababu alikuwa na hamu ya sauti yake, na kuiandika kulikuwa kama kuisikia? Hayo si maneno ya kusema mbele ya jopo. Huenda si ya kusema popote.

"Ya huyu bwana," Mwenyekiti aliendelea, "haina hoja kabisa. Ina mstari mmoja. Wiki ya tisa: walimu wawili darasani kwa wakati mmoja, wa sheria na wa siasa. Wasikubaliane." Akavua miwani. "Bwana, nafasi tuliyotangaza ni moja. Umetuletea kozi ambayo mtu mmoja hawezi kuifundisha. Ulijua hilo?"

"Nilijua."

"Na ukaileta?"

"Nilijaribu kuiandika ya mtu mmoja. Ikawa mbaya."

Mjumbe mmoja akaona ndio wakati wa kufungua chupa yake ya maji. Wakili aliitazama karatasi yake juu ya meza ile, safi, imechapwa vizuri, jina moja juu. Akaliona jalada la kitabu cha jiografia. Akamwona aliyeandika jina moja tu juu yake. Na mtu huyo hakuwa Mchambuzi.

"Mwenyekiti, nimesema uongo," alisema.

"Rudia."

"Nimesema uongo. Sheria ni yangu, siasa ni yake. Wiki ya tisa niliyoleta ni yake pia, na jina lake nililifuta mimi. Sikulisahau. Nililifuta."

"Unaelewa unachokifanya?"

"Nimekuwa wakili miaka sita. Najua kukiri ni nini."

Mwenyekiti alimwangalia kwa muda, si kwa ukali, si kwa huruma, kama mtu anayepima urefu wa kitambaa. Kisha akaifunga faili ya Wakili na kuiweka upande wa kushoto, peke yake.

"Basi usaili wako umeishia hapo. Unaweza kwenda. Wewe bwana, baki."

Kwenye korido benchi lilikuwa na nafasi tele. Wakili alikaa katikati yake. Miaka miwili ya kufundisha kwa vipindi, kuazima ufunguo wa ofisi za watu, kusahihisha kwenye ngazi, na nafasi pekee iliyofanana naye ameitupa kwa sentensi tatu. Simu ikaita. Shangazi.

"Vipi, mwanangu? Wamekuelewa?"

"Wamenielewa sana, Shangazi. Wamenitoa."

"Wamekutoa? Kwa kosa gani?"

"Niliwaambia tuliandika wawili."

Shangazi akaja juu. "Nilikuonya! Nilikukalisha chini, nikakuonya. Unataka uzeeke kama mimi, unatazama kazi yako na jina la mtu mwingine? Huyo mwanamume atachukua..."

"Yeye aliliandika jina langu, Shangazi. Lote. Mimi ndiye niliyelifuta lake." Akaihamishia simu sikio la pili. "Mumeo alikufanyia unyama. Na mimi nimeufanya ule ule, tena kwa mkono wa kike ili usionekane."

Alisikia Shangazi akivuta pumzi. Alisikia na kiti kikilalamika, kile cha jikoni chenye mguu mbovu, kwa hiyo amekaa.

"Siku ile alipokuja na mama yake," Shangazi alisema, sauti imeshuka, "hata viti sikuwapa vizuri. Nilimpa yule mama hiki kibovu." Kiti kikalia tena. "Njoo nyumbani."

"Nakuja," alisema Wakili. Alikuwa amesimama, mkoba begani, hatua tatu kuelekea ngazi, mlango uliposukumwa nyuma yake.

Mchambuzi alitoka akaufunga mlango kwa mgongo. Uso ulikuwa umekunjamana.

"Unakwenda wapi?"

"Inakuhusu?"

"Wanataka mhadhara wa majaribio. Dakika ishirini. Mwenyekiti amechagua wiki ya tisa." Alisema kama anashtaki. "Nikaanza. Nikamaliza dakika nne na sina la kusema. Ananiambia, karatasi yako inadai walimu wawili, sasa mwingine yuko wapi? Nikamwambia yuko nje. Akasema ana dakika kumi na sita na subira kidogo."

"Tafuta mwanasheria mwingine. Jengo limejaa."

"Wengine wote wananikubalia. Hakuna mwingine anayeniudhi kiasi hiki."

Kama si mahali pale, kama si siku ile, Wakili angecheka. Alibana midomo.

"Nikiingia sipati kitu," alisema.

"Hupati. Faili yako imefungwa, nimeiona. Kazi wakinipa, itakuwa yangu na wewe utakuwa umenisaidia kuipata, na kesho utanichukia zaidi ya leo. Sikudanganyi."

"Na wewe hujanisamehe."

"Bado hata sijaanza." Tai ilikuwa imekwenda upande. Mkono wa Wakili ulitaka kwenda kuinyoosha, akaukataza. "Mama yangu bado ananiuliza walikosea nini. Kwa hiyo usiingie kwa kunihurumia, na usiingie kunilipa. Ukija, njoo kubisha. Kama huji, pita kule kwenye ngazi. Lakini usisimame hapo nyuma ya mlango ukakohoa."

Akafungua, akaingia, na mlango hakuufunga.

Kupitia uwazi ule Wakili aliona ncha ya meza, chupa za maji, mkono wa Mwenyekiti juu ya saa. Alimsikia Mchambuzi akiendelea pale alipoachia, kwa ile sauti yake ya redioni inayojiamini kupita kiasi. Nchi, alikuwa anasema, haiheshimu sheria, inahesabu faida tu. Saini ni wino. Mwanasheria atakuambia vingine, lakini mwanasheria anaishi kwenye karatasi.

Katibu alikuwa ametoa kichwa tena. "Dada, unaingia au unatoka? Upepo unanipeperushia karatasi."

Wakili alivua mkoba begani, akauweka juu ya benchi. Akaingia. Aliupita mlango, akapita nyuma ya kiti ambacho si chake tena, akaenda kusimama kando ya Mchambuzi mbele ya meza ndefu, karibu kiasi cha bega kugusa bega. Mchambuzi hakumtazama, ila sentensi aliyokuwa nayo mdomoni ilimkatikia. Mwenyekiti aliinua macho kutoka kwenye saa.

"Mwenzangu amekosea," Wakili alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye korido. "Amekosea tangu neno la kwanza, na nimekuja kumwambia mbele ya watu."